Shangazi wa Vitabu: Nimekwama kati ya Sinderela na Kofia Nyekundu

Shangazi wa Vitabu, shikamoo.

Nina miaka 26, naishi Dodoma, kazi yangu ni ya kaunta, kwa hiyo nasoma usiku na kwenye daladala. Miezi miwili iliyopita nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba riwaya ya Cinder ya Marissa Meyer, ile ya binti fundi mwenye mguu wa chuma. Niliimaliza kwa siku tisa. Ikaniacha njia panda, nikarudi mbio kwa muuzaji kutafuta ya pili. Akanipa Fairest, kitabu chembamba, akaapa kwamba ndicho kinachofuata. Nimefika katikati na sielewi: Cinder hayupo, Kai yule mwana wa mfalme hayupo, ni yule malkia tu tangu akiwa msichana. Nikakiweka. Baadaye nimeipata Scarlet, nayo imenikwamisha kwenye ukurasa wa 80 hivi. Nikianza kumzoea huyo Scarlet, natolewa napelekwa gerezani kwa Cinder. Nikinogewa na Cinder, narudishwa Ufaransa.

Jambo jingine, mimi sikukua na hizi hadithi za Kizungu ambazo vitabu hivi vinazisimulia upya. Bibi alitusimulia za sungura, za zimwi, na ile ya paa na maskini. Sinderela naijua ya katuni, Rapunzel naijua nywele tu. Kuna vitu vinanipita? Halafu nina mpwa wa miaka 11 ambaye kila akija anaikodolea macho Cinder. Nimpe? Na mwisho, rafiki yangu tunayekaa naye chumba kimoja kila siku ananicheka kwamba nasoma vitabu vya watoto. Nisaidie.

Msomaji aliyekwama, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na Fairest, maana ndiyo iliyokuvuruga. Muuzaji hakukusudia ubaya, ila alikosea. Mfululizo huu, unaoitwa The Lunar Chronicles, una riwaya kuu nne: Cinder ilitoka Januari 2012, Scarlet Februari 2013, Cress Februari 2014, na Winter Novemba 2015. Fairest ilitoka Januari 2015, kati ya Cress na Winter, na ni kisa cha ujana wa Malkia Levana wa Mwezini, yule adui wa Cinder, kabla ya hayo yote. Kwa kuwa matukio yake yanatangulia, wengi hudhani isomwe mwanzo. Hapo ndipo watu wanapoungua. Mwandishi aliipanga uisome ukiwa umeshamwogopa Levana kwa vitabu vitatu, ndipo akuonyeshe alivyofikia hapo. Ukiisoma mapema, unamhurumia kabla hujamwogopa, na Winter inapungua makali.

Kwa hiyo fuata mwaka wa kutoka: Cinder, Scarlet, Cress, Fairest, Winter. Weka alama ulipofikia kwenye Fairest, ifunge, usiiguse mpaka umalize Cress. Ukiirudia anza ukurasa wa kwanza, kwani haizidi sana kurasa 220 na hutachoka. Ulichokwisha kusoma hakijakuharibia siri yoyote kubwa. Kimekutambulisha tu kwa watoto wawili wanaocheza kasrini ambao utakutana nao tena wakiwa wakubwa.

Kuna cha sita, Stars Above, cha Februari 2016, mkusanyo wa hadithi fupi tisa. Hicho ni cha mwisho kabisa, kwa sababu hadithi yake ya tisa inatokea baada ya mfululizo kuisha na inakuambia nani amebaki na nani. Hata yaliyomo yake usiyapitie kwa macho. Ila kama utakipata mapema na mkono unakuwasha, ipo moja unayoweza kuisoma leo bila hasara: “The Little Android”. Inatokea kwenye ulimwengu uleule wa Cinder lakini inajitegemea, na imejengwa juu ya nguva wa Hans Christian Andersen wa mwaka 1837, yule aliyekubali kupewa miguu huku kila hatua ikimchoma kama kisu. Kurasa chache, kilio kingi.

Sasa Scarlet. Kukwama pale ni ugonjwa wa kawaida, na chanzo chake ni muundo wa kitabu. Cinder ilikuwa na njia moja: wewe, Cinder, na mara mojamoja Kai. Kuanzia Scarlet, Meyer anaongeza njia kila kitabu. Haachi mtu wa zamani, anamleta mpya na kumpa sura zake, kisha anazipishanisha. Cress inaongeza wengine, na ukifika Winter, yenye zaidi ya kurasa 820, unafuatilia kundi zima lililotawanyika sehemu mbalimbali. Ukijifunza kusoma kwa kupishana sasa, kwenye kurasa 450 na ushee za Scarlet, Winter haitakutisha.

Fanya hivi. Kata kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa kadi ya mwaliko wa harusi, kiwe ndicho alama yako ya kitabu. Kigawe katikati kwa mstari: kushoto Scarlet, kulia Cinder. Kila ukimaliza sura, andika upande wake mstari mmoja usiozidi maneno nane: yuko wapi, na anataka nini sasa hivi. Usiandike yaliyotokea, hayo utayakumbuka. Kinachopotea tunapopishanishwa ni shauku ya mtu, yaani alikuwa anaelekea wapi tulipomwacha. Kabla ya kuanza sura mpya, tupia jicho mstari wa mwisho wa upande huo. Ni sekunde tano tu. Na ukiwa kwenye daladala ishia mwisho wa sura, si katikati. Sura zake ni fupi, nyingi kama kurasa kumi, na dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha moja.

Usijaribu ujanja wa kuruka, kwamba usome sura zote za Cinder kwanza kisha umrudie Scarlet. Njia hizo mbili zinakutana, na ukimaliza moja peke yake utajikuta umeshajua jibu kabla hujaulizwa swali. Badala yake, rudi sura ya kwanza kabisa, pale Scarlet anapopeleka mboga baa ya mjini kwao Rieux. Kwenye skrini ya ukutani wateja wanamtazama nani? Cinder, akiwa kwenye ile aibu ya dansini, nao wanamtukana. Anayesimama kumtetea ni Scarlet, ambaye hajawahi kumwona. Uliipita haraka kwa sababu ulikuwa unamtafuta Cinder mwenyewe. Isome tena. Kisha jiulize kwa nini kitabu kimoja kimbebe bibi mstaafu, rubani wa zamani wa jeshi aliyetoweka, pamoja na mtoro wa gerezani upande wa pili wa dunia. Ukilishika swali hilo, kupishana hakutakukera. Mimi nakuhakikishia kitabu kinalijibu.

Kuhusu ngano za zamani: ndiyo, kuna vitu vinakupita, na ni vitu vitamu kuliko vyote. Habari njema ni kwamba tiba yake ni dakika kumi na tano kwa kila kitabu, na ni ya bure.

Katuni uiweke kando, hiyo imeshachujwa. Unazohitaji ni ngano mbichi za ndugu Grimm wa Ujerumani na za Charles Perrault wa Ufaransa. Perrault alichapisha zake mwaka 1697. Grimm walitoa juzuu yao ya kwanza mwaka 1812 na wakaendelea kuzirekebisha hadi toleo la saba, mwaka 1857. Hakimiliki zake zimekwisha, kwa hiyo zinapatikana bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg, na unaweza kuzishusha kwenye simu ukazisoma bila bando. Ila kuna mtego. Utakutana na tafsiri mbili za Kiingereza za Grimm. Moja, ya Edgar Taylor, ina hadithi sitini na kidogo, na ililainishwa ili isiwatishe Waingereza wa enzi hizo. Nyingine, ya Margaret Hunt ya mwaka 1884, ina mkusanyo wote wa hadithi 200 na ushee, zikiwa na namba zake. Chukua ya Hunt. Ukifungua ukaona Sinderela anaitwa “Ashputtel”, umeshika isiyo yenyewe.

Namba unazozitaka ni nne. Sinderela, ngano ya Cinder, ni 21. Kofia Nyekundu, ya Scarlet, ni 26, humo anaitwa “Little Red-Cap”. Rapunzel, ya Cress, ni 12. Snow White, ya Winter, ni 53. Soma moja tu, ile ya kitabu unachokwenda kufungua, siku moja kabla. Ukizisoma zote nne kwa mkupuo, ukifika Winter utakuwa umeshasahau kitana cha Snow White.

Cinder umeshaimaliza, basi tuitumie kama darasa, nikuonyeshe unachotakiwa kukitazama.

Kwenye Grimm namba 21 hakuna boga wala mama wa kichawi. Kuna mti ulioota juu ya kaburi la mama, na ndege anayedondosha magauni. Kuna dansi siku tatu. Siku ya tatu mwana wa mfalme anaamuru ngazi za kasri zipakwe lami, na kiatu, cha dhahabu wala si cha kioo, kinanasa pale. Kisha anakipeleka nyumbani. Binti wa kwanza hakimwingii, mama yake anampa kisu: kata kidole, ukiwa malkia hutahitaji kutembea kwa miguu. Anakata. Wa pili anakata kisigino. Njiani njiwa wanaimba kwamba kiatu kina damu.

Sasa mrudie Cinder wako. Yuko sokoni New Beijing, jiji la baadaye anakoishi, sura ya kwanza, anahangaika na skrubu iliyoshika kutu kwenye kifundo cha mguu wa chuma uliokwisha kuwa mdogo kwake. Mwana wa mfalme anapofika kibandani, mguu haupo, naye anaficha. Kwenye dansi anaingia na mguu uleule wa utotoni, usiomkaa, na unachomoka wapi? Kwenye ngazi za kasri. Meyer amekichukua kile kisu cha Grimm akakigeuza. Kwenye ngano, waongo wanakata miguu yao ili kiatu kiingie. Kwenye riwaya, aliyekatwa mguu ndiye msichana mwenyewe wa kweli, na kinachobaki ngazini si kiatu, ni mguu mzima. Mtu asiyeijua namba 21 anaona tukio zuri la aibu. Anayeijua anasimamisha kitabu kidogo, anatazama dari.

Boga, kwa upande wake, limetoka kwa Perrault: ndilo lile gari bovu la petroli, rangi ya chungwa, alilolitoa jalalani. Iko, roboti rafiki yake, mwenyewe anasema linafanana na boga lililooza. Mama wa kichawi amevunjwavunjwa vipande akagawiwa watu. Glavu zimetoka kwa Kai, gauni ni la Peony, dada yake wa kambo, na limekunjamana, vifaa kavitafuta Iko. Hakuna anayetikisa fimbo ya uchawi, kila kitu kimekuja na madoa ya oili. Na huyo Peony amefanywa mwema kabisa, ndiyo maana kifo chake kwa tauni kinauma: ngano ilikuzoesha kutomjali.

Hata mahali hapakuchaguliwa ovyo. Moja ya ngano za aina ya Sinderela zilizoandikwa zamani sana ni ya China, ya Ye Xian, iliyoandikwa na Duan Chengshi katika karne ya 9: mifupa ya samaki ndiyo inayompa mavazi, na kiatu chake ni cha dhahabu. Nusu mtu nusu mashine anayezurura New Beijing amerudishwa nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Utaratibu wa kutumia kwa vitabu vilivyobaki ni huu. Baada ya kusoma ngano, andika nyuma ya ile kadi yako vitu sita ambavyo ukiviondoa ngano inakufa. Kwa Kofia Nyekundu: kofia, bibi, mbwa mwitu, msitu, kitanda, tumbo. Kisha soma riwaya na uweke alama kila unapokigundua kimoja. Wengine hukosea wakitaka kila kitu kiwe na mwenzake mmoja kamili. Wasipokipata wanasema mwandishi kaacha ngano. Angalia mambo matatu: kitu kimegawanywa kwa watu wawili, kama mama wa kichawi, kimegeuzwa juu chini, kama mguu, au kimecheleweshwa hadi kitabu kingine. Cha mwisho ndicho kinachowapata wengi. Kioo cha malkia wa Snow White, kwa mfano, hakikungoja Winter. Kumbuka Levana alivyokuja New Beijing, shela usoni na chuki yake ya vioo. Yule wa Grimm anakiuliza kioo kila siku. Huyu hataki kukiona. Swali la kwa nini limepandwa kitabu cha kwanza na linavunwa mbele sana.

Kwa Scarlet, soma na ya Perrault pia, ni fupi mno. Kwake hakuna mwindaji: mbwa mwitu anamla bibi, anamla msichana, hadithi imekwisha. Kwa Grimm yupo mwindaji, na kuna mkasi na mawe tumboni. Ukijua kuna miisho miwili, hutajua Meyer amechukua upi, na yule kijana mpiganaji anayeitwa Wolf utamsoma huku roho iko juu mpaka mwisho. Msomaji anayeujua mwisho mmoja tu anatulia mapema, naye ndiye anayelalamika kwamba kitabu kilimchelewesha.

Kabla ya Cress, kwenye namba 12, shikilia sehemu ya pili, ile ambayo katuni huifuta: miiba, macho na nyika. Sisemi zaidi. Kabla ya Winter, kwenye namba 53, hesabu safari za malkia: anakwenda mara tatu, mara ya kwanza na kamba ya kubana kifua, ya pili na kitana, ya tatu na tofaa. Na fika hadi aya ya mwisho kabisa, kwenye viatu vya chuma.

Umesema hukukua na ngano za aina hii. Hapo nakukatalia. Paa na maskini ndiyo hadithi ya Sultani Darai, iliyochapishwa kwa Kiswahili na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Unguja. Maskini Hamdani anachakura jaani akitafuta punje za mtama, anapata thumni, anamnunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani kama posa ya bwana wake, anadai bwana kavamiwa na wanyang'anyi ndiyo maana hana nguo, anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana nyumba yake. Sasa chukua ngano ya Ulaya ya paka aliyevaa viatu: mnyama mwerevu, bwana fukara, zawadi kwa mfalme, uongo wa nguo zilizoibwa, zimwi linalonyang'anywa kasri. Ni mifupa ileile. Tofauti iko mwishoni, na ni kubwa: paka anastarehe, lakini paa wetu akiugua anapikiwa uji wa mtama mwekundu, anakufa kwa uchungu, na Hamdani anazinduka yuko jaani anachakura. Bibi yako alikupa darasa la namna hadithi moja inavyovaa nguo mbili. Na ujue kwamba mfululizo huu wa Meyer ulianzia kwa paka huyohuyo: aliandika hadithi fupi ya paka mwenye viatu katika ulimwengu wa baadaye, kwa ajili ya shindano, ndipo wazo la ngano nyingine likafuata. Rasimu za kwanza za vitabu vitatu vya mwanzo aliziandika katika mwezi mmoja, Novemba 2008. Alizirekebisha sana baadaye, usije ukadhani Cress ilitoka hivihivi.

Kiingereza chake si kigumu. Kinachokwamisha ni maneno ya kubuni yasiyo kwenye kamusi. Portscreen ni simu janja, comm ni ujumbe, hover ni gari linaloelea, na shell ni mtu wa Mwezini aliyezaliwa bila uwezo wa kuchezea akili za wengine. Hilo la mwisho lishike, Cress nzima inasimama juu yake. Mengine yote usiyatafute. Ruhusu maneno matano kwa sura, yaliyobaki yapite.

Mpwa wako. Wachapishaji huviweka vitabu hivi kwa miaka 12 na kuendelea, ila kwa Cinder naona hata 11 inatosha. Mapenzi yake hayavuki busu. Kizito humo ni tauni: watu wanachukuliwa majumbani wanapelekwa karantini wasirudi, na mtoto anakufa. Kama aliondokewa na mtu wakati wa UVIKO-19, msome pamoja sura hizo au msubiri mwaka. La sivyo mpe, sura mbili kwa siku. Kitabu kina sura 38, kwa hiyo ni siku 19, likizo fupi tu. Scarlet na Cress zifuate akifika 12 au 13. Fairest usimpe sasa hata akilia. Ndani yake mtu anatumia uwezo wake wa akili kumlazimisha mwingine ampende na aishi naye kama mume, na hilo halifichwi. Linahitaji msomaji wa miaka 16 hivi anayeweza kuliita kwa jina lake. Hata wewe, ukifika hapo na kifua kikabana, ujue hujakosea kusoma.

Kwenye kununua, angalia jina, usiangalie jalada. Cinder ya mwanzo ina mguu ndani ya kiatu chekundu, na mifupa ya chuma inaonekana kupitia ngozi. Mwaka 2020 majalada ya karatasi yalichorwa upya yote, na watu wamenunua kitabu kilekile mara mbili wakidhani ni kipya. Nakala za mitumba zifungue kwenye mgongo kabla ya kulipa, hasa Winter. Unene wa kurasa 820 huvunja gundi katikati, kurasa zikaanza kuchomoka kama mguu wa Cinder. Maandishi ya nyuma ya Winter usiyasome kabla hujamaliza Cress. Wala usitafute jina la mhusika yeyote mtandaoni, maana kile kisanduku cha kutafutia kitakumalizia sentensi na kukuambia nani anaolewa na nani.

Amebaki rafiki yako wa chumbani. Mwambie toleo la Grimm la 1812 lilikuwa na maelezo ya kitaaluma nyuma, na wazazi walilalamika kwamba si la watoto. Humo Rapunzel anamuuliza mlezi wake kwa nini nguo zimeanza kumbana, na kila mtu mzima anajua kwa nini. Humo anayetaka kumuua Snow White ni mama yake mzazi. Akabadilishwa kuwa wa kambo mwaka 1819, inasemekana ili mama mzazi asichafuliwe jina. Kama hayo hayamtoshi, mfungulie namba 21 kwenye simu yako, umwachie juu ya kitanda, uende kuoga. Ukirudi utamkuta amefika kwenye kisigino.

Shangazi